Mama aliyeogopa radio, na mfuko uliolala chini ya kitanda

Bukavu. Katika mji huu neno radio lina maana mbili. Kuna ile inayosikilizwa asubuhi, wakati sombe ya jana inapashwa moto na watoto wanatafuta viatu. Na kuna ile ya hospitali, mashine inayopiga picha ya mifupa na mapafu. Mama mmoja aliyehama kutoka milima ya Kalehe, ambaye leo anakaa na watoto wake wanne katika chumba kimoja cha kukodi huko Kadutu, anaipenda ya kwanza. Ya pili aliikataa kwa muda wa wiki sita.

Alikuwa anakohoa tangu kabla ya mvua kuanza. Kwenye kituo cha afya walimpima makohozi mara mbili, hawakuona kitu. Muuguzi akaandika karatasi: aende apigwe radio ya kifua. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na pesa ya sambaza anazouza. Ikakaa hapo. Kila alipofungua ile ncha ili kumrudishia mteja chenji, aliiona, akaifunga tena.

"Ile inaletaka kansere," ndivyo alivyowajibu waliomuuliza.

Hakulitoa jambo hilo hewani. Zamani, kabla ya vita, jirani yake alikuwa na dada aliyepigwa radio mara tatu hospitalini, na mwaka uliofuata akafa kwa kansa ya titi. Mtaa mzima uliunganisha mambo hayo mawili kama mtu anavyofunga kamba. Tena alishasikia kwamba mionzi inaharibu damu, kwamba watu wa Japani waliopigwa bomu walipata kansa, na watoto wao wakazaliwa na ulemavu. Basi akaona ni heri akohoe, kikohozi anakijua.

Mwenye kumtoa katika uamuzi huo alikuwa kijana wa mdogo wake, anayesoma mambo ya uganga hapa mjini. Huja Jumapili baada ya misa, huleta sabuni au kilo ya unga, hukaa kwenye kitanda kwa sababu kiti ni kimoja. Siku hiyo hakuja kuzungumza habari za mionzi. Alikuja kula. Lakini alipokuwa anakula, mtoto mdogo alivuta mfuko kutoka chini ya kitanda ili aukalie, na mfuko ule ulikuwa mzito kuliko ukubwa wake.

"Mama mukubwa, ni nini hii?"

Ilikuwa koltani. Kama kilo mbili hivi, changarawe nyeusi inayong'aa kidogo, ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kitambaa cha shuka. Mama huyu na mume wake waliishi miaka mingi upande wa Numbi, kwenye nyanda za juu za Kalehe. Mume alichimba. Mke aliosha, alitwanga na kuchekecha, miaka sita mfululizo, akiwa na mtoto mgongoni au tumboni. Mume alibaki chini ya udongo siku shimo lilipobomoka, na kilichobaki mkononi mwa mjane ni mfuko huo. Januari 2025 vita ilipofika Minova, familia ilishuka na kufuata barabara ya kando ya ziwa, na koltani ilisafiri ndani ya sufuria chini ya maharage. Walifika Bukavu wiki chache kabla ya mji wenyewe kuingia mikononi mwa M23 katikati ya Februari. Tangu hapo mfuko ule ni benki yake. Akisikia bei imepanda anautoa, anamwaga mali kwenye shuka, anaponda madonge kwa jiwe na kuchekecha kwa chekeche la unga ili mchanga utoke na uzito uwe safi. Anafanya hivyo usiku, mlango umefungwa, kwa sababu hataki majirani waone. Asubuhi anafagia.

Kijana aliweka sahani chini. Darasani walikuwa wamesomeshwa habari za mionzi wiki hizo hizo, na kichwa chake kilikuwa bado na moto wa mtihani. "Mama mukubwa, munalala juu ya urani!" akasema, kwa sauti iliyopita ukuta wa mbao. Usiku ule watoto walilala kwa jirani. Mama alilala peke yake na mfuko, akikohoa, na hakujua tena aogope kipi.

Huyu kijana alikosea, na alipomuuliza mwalimu wake siku iliyofuata aliambiwa hivyo waziwazi. Lakini hakukosea kabisa, na hapo ndipo habari hii inapostahili kuelezwa polepole, maana mamia ya familia zilizoshuka kutoka Numbi, Nyabibwe na Shabunda zimeishi na mawe haya kama wengine wanavyoishi na mahindi.

Koltani si urani. Watu wanaichimba kwa ajili ya tantali, metali inayoingia ndani ya simu na kompyuta. Ila ndani ya punje zake hukaa pia kiasi kidogo cha urani na thoriamu, na hivyo viwili havitulii: vinavunjika polepole kwa mabilioni ya miaka na kutoa mionzi. Wenye meli wanalijua jambo hili vizuri. Kontena la koltani linapofika bandarini hupimwa, na likizidi kiwango husafirishwa kwa karatasi za bidhaa zenye mionzi, daraja la 7, lenye alama ile ya njano yenye mabawa matatu meusi. Kampuni nyingine za meli hukataa kuibeba kabisa. Kwa hiyo mfanyakazi wa bandari aliye mbali huko pwani, anayegusa kontena kutoka nje kwa dakika kumi, anajua kuna nini ndani. Mama anayeipepeta mbele ya pua yake hajaambiwa. Hili ni la kuudhi, na halihitaji shahada ili mtu aliudhike.

Mionzi hii si ya aina moja. Ile ya urani inayoitwa alfa ina nguvu nyingi lakini haiendi mbali. Karatasi moja inaizuia, hata ngozi ya mtu inaizuia. Ikikaa nje ya mwili haina neno. Shida inaanza pale vumbi linapovutwa puani na kutulia ndani kabisa ya mapafu, maana huko hakuna ngozi ya kuizuia, na inaendelea kupiga mahali pamoja miaka na miaka. Ile nyingine, gama, inapita ukuta na mwili kama ile ya mashine ya radio. Inatoka kwenye mfuko muda wote, lakini kwa kilo mbili tu ni kidogo sana.

Kipimo cha mionzi inayoingia mwilini ni siverti, na kwa kuwa siverti moja ni kubwa mno, watu huhesabu kwa milisiverti, yaani sehemu ya elfu. Kila mtu duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka bila kufanya kosa lolote, kutoka kwenye ardhi, kwenye chakula, kwenye nyumba na kutoka angani. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, kwa hiyo tunapata ya angani zaidi kidogo kuliko watu wa Dar es Salaam. Sheria za kimataifa zinataka raia wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka kutokana na kazi za wengine, na mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa 20. Radio moja ya kifua ni kama 0.1 au chini ya hapo. Hiyo ni kama mionzi ya siku kumi au kumi na tano za kuishi tu, kupika na kwenda sokoni. Skana ya kifua ni kubwa zaidi, karibu 7, ndiyo maana daktari mzuri haiandiki ovyo.

Na koltani? Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya wachimbaji wa mikono wa koltani wa mashariki mwa Kongo. Watafiti hawakuona hatari kubwa kwa anayebeba mfuko. Waliiona kwa anayetwanga na kuchekecha, na sababu ni vumbi. Walikadiria kwamba kazi hiyo inaweza kumpa mtu hadi karibu milisiverti 18 kwa mwaka. Hiyo ni karibu na kikomo cha mfanyakazi wa kituo cha atomiki, ambaye huvaa kipimo kifuani na kuandikwa kwenye daftari kila mwezi. Ukigawanya, ni kama radio za kifua 180 kila mwaka. Mama wa Kadutu alikataa moja.

Kijana aliporudi Jumapili ya pili aliomba samahani kwanza. Akaeleza kwamba mfuko ukikaa umefungwa hauna neno kubwa kwa watoto, hata wakilala juu yake mwaka mzima watapata kidogo tu. Kinachotakiwa kukoma ni kule kuponda na kuchekecha ndani ya chumba, na kule kufagia asubuhi kwa ufagio mkavu, vumbi linapopanda na watoto wanavuta hewa hiyo hiyo.

"Basi nitakufa ao sitakufa?" mama akauliza. Swali hilo ndilo watu wote huuliza, na ndilo wenye elimu huzunguka.

Jibu la kweli lina historia ndefu, na sehemu yake ni ya kwetu. Urani nyingi iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikachimbwa na Wakongo wa Union Minière ambao magonjwa yao hayajaandikwa vizuri. Lakini manusura wa Hiroshima na Nagasaki waliandikwa. Tangu 1950 wataalamu wamewafuata makumi ya maelfu ya watu hao, mmoja mmoja, alikuwa wapi siku ile, alipata mionzi kiasi gani, alikufa kwa nini. Kutoka kwao dunia ilijifunza kwamba mionzi ikiongezeka, kansa nazo zinaongezeka. Ilijifunza pia jambo ambalo mtaa haulijui: kwa watoto waliotungwa mimba baada ya bomu, hawakuona ongezeko la wazi la ulemavu wala la kansa. Woga wa kizazi kilichoharibika ulikuwa mkubwa kuliko kilichoonekana.

Chini ya milisiverti 100 mambo yanakuwa na ukungu. Kansa haina alama ya kusema imetoka wapi. Watu wengi huipata kwa sababu nyingine, na ile chache ya mionzi inajificha kati yao. Mwaka 2006 kamati ya wanasayansi wa Marekani ilitoa hesabu rahisi kueleweka. Chukua watu 100, kila mmoja apate milisiverti 100. Katika maisha yao yote, mmoja atapata kansa kwa sababu ya mionzi hiyo, na 42 watapata kansa kwa sababu nyingine. Hiyo 42 ni ya Wamarekani, ambao huishi hadi uzee wa kupata kansa. Huku kwetu wengi huondoka mapema kwa malaria na risasi, nao hawaingii kwenye hesabu hiyo.

Tukipiga hesabu ya mama: miaka sita kwa 18 ni 108. Hiyo ni kama alifanya kazi ile kila siku, kwa vumbi baya kabisa, na mwenyewe anasema msimu wa mvua walikaa wiki nzima bila mali. Kwa hiyo hatari yake ni kama ya mtu mmoja kati ya mia, pengine chini ya hapo. Si sifuri, na pia si hukumu ya kifo.

Wapo wanaosema hata hiyo ni kubwa mno. Huko Kerala, India, kuna pwani ambayo mchanga wake una thoriamu nyingi, na watu wanaishi hapo vizazi na vizazi wakipata mionzi mara kadhaa ya sisi, lakini uchunguzi wa maelfu yao haukuonyesha kansa zaidi. Wengine wanajibu kwa uchunguzi wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa viwanda vya nyuklia vya Ufaransa, Uingereza na Marekani, uliochapishwa 2015 na tena 2023, ambao uliona ongezeko dogo la vifo vya kansa hata kwa wale waliopata kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wanabishana mpaka leo. Kwa mtu wa chekeche mabishano hayo hayabadilishi kitu: kama vumbi unaweza kulikwepa kwa kikombe cha maji, likwepe.

Maana vumbi hilo lina ubaya mwingine ulio karibu zaidi kuliko mionzi. Jiwe linalotwangwa lina silika, vipande vidogo kama vioo, vinavyokwaruza mapafu mpaka yanakuwa magumu. Na mapafu yaliyokwaruzwa hivyo ni nyumba nzuri kwa kifua kikuu. Mtu aliyechekecha miaka sita na sasa anakohoa miezi miwili, anatoka jasho usiku na kitenge chake kinazidi kulegea kiunoni, jambo la kwanza la kufikiria si kansa ya urani. Ni kifua kikuu, ambacho kinaua haraka, kinaambukiza watoto wanne wa chumba kimoja, na ambacho dawa zake hapa Kongo hutolewa bure. Makohozi yanaweza kukosa kuonyesha. Picha inaonyesha. Karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa inauliza swali hilo, nayo ikakaa wiki sita na noti za franka.

Kwa wanaume wa mashimoni kuna nyongeza. Urani ikivunjika hutoa gesi inayoitwa radoni, haina rangi wala harufu, na hujikusanya mahali pasipo na hewa, kama ndani ya shimo refu au chumba kisicho na dirisha. Baada ya tumbaku, hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa sababu kubwa ya kansa ya mapafu duniani. Wachimbaji wa urani wa kabila la Wanavajo huko Marekani walikufa kwa hiyo, na wengi wao hawakuambiwa. Mchimbaji anayevuta sigara shimoni anaweka moto juu ya moto. Ila kusema ukweli, kwa kijana wa Numbi udongo wa juu ya kichwa chake ni hatari ya leo, na radoni ni ya miaka ishirini ijayo. Ni vigumu kumlaumu akishughulika na udongo.

Tukirudi kwa dada wa yule jirani. Mtaa haukuwa mjinga ulipoogopa. Zamani, kabla dawa za kifua kikuu hazijaenea, wanawake wengi wa Kanada na wa Massachusetts, Marekani, walitibiwa kifua kikuu kwa kujazwa hewa kifuani, na kila mara daktari aliwatazama kwa mashine ya miale ikiwa inawaka muda wote. Walitazamwa makumi ya mara, wengine zaidi ya mia. Miaka ilipopita, wengi zaidi kuliko kawaida walipata kansa ya titi. Na mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, aligundua kwamba watoto ambao mama zao walipigwa radio ya tumbo wakiwa na mimba walikufa zaidi kwa kansa ya utotoni. Madaktari wakubwa walimbishia miaka mingi. Mwisho walikubali, na ndiyo maana leo mwanamke huulizwa kama ana mimba kabla ya kuingia chumba cha radio. Asipoulizwa, aseme mwenyewe. Sio haya.

Kwa hiyo woga una baba yake. Lakini radio tatu za kifua hazileti kansa ya titi mwaka mmoja baadaye. Kansa ya mionzi kwenye titi au mapafu huchukua miaka kumi na zaidi kujitokeza. Uwezekano mkubwa ni kwamba yule dada alipigwa radio kwa sababu kansa ilikuwa tayari ndani na madaktari walikuwa wanaitafuta. Na mama mwenyewe, alipokumbuka vizuri, alisema kitu ambacho mtaa ulikisahau. Waliambiwa kwamba yule dada anatakiwa apelekwe nje ya nchi kuchomwa miale, ili uvimbe ufe. Hawakuwa na pesa.

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mionzi hiyo hiyo, kwa kipimo kikubwa na kwa mkono wa mtu anayejua, ni dawa ya kansa ya titi na ya mlango wa kizazi. Bukavu haina mashine hiyo. Kigali wameipata mwaka 2019, katika hospitali ya jeshi ya Kanombe. Kampala walikuwa na moja tu, Mulago, ikaharibika mwaka 2016, na wagonjwa wa Uganda nzima wakabaki wanangoja. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kuwasha kinu cha atomiki, Kinshasa, mwaka 1959, na tangu mwaka 2002 ina sheria ya kulinda watu dhidi ya mionzi. Sheria hiyo ingefika Numbi na kipimo kimoja kidogo cha mkononi, kama kile cha bandarini, ingekuwa imefika.

Mama alikwenda kupigwa radio siku ya Jumanne. Kijana alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliulizwa kama ana mimba, akacheka mara ya kwanza kwa siku nyingi. Akavua shanga, akasimama kifua kwenye ubao baridi, akaambiwa avute pumzi na aishike. "Imeisha, mama." Alisimama pale akingoja ianze.

Picha ilionyesha madoa juu ya pafu la kulia na makovu mengine yaliyotawanyika. Daktari aliwaza kifua kikuu, akaagiza makohozi yapimwe tena kwa mashine nyingine, na safari hii kikaonekana. Makovu mengine alisema huenda ni ya vumbi, na hayo hayatatoka. Kansa hakuiona. Mama ameanza dawa za miezi sita, na watoto wote wanne wamepelekwa kuchunguzwa. Mdogo naye amepewa dawa za kinga.

Mfuko bado upo. Wanunuzi wanatoa bei ya kuchekesha, na yeye hana haraka ya kuwachekesha. Sasa umo ndani ya ndoo yenye mfuniko, nje nyuma ya choo, chini ya matofali. Ikibidi kuuponda ataumwagia maji kwanza, afanyie nje upepo ukiwa nyuma yake, kitambaa chenye maji puani, watoto wakiwa mbali, na nguo zile zifuliwe peke yake. Chumba kinapigwa deki badala ya kufagiliwa kikavu. Kuna majirani wawili waliokuja kuuliza habari hizo kwa sauti ya chini. Nao wana mifuko.

Ile picha ya mapafu alirudi nayo nyumbani, na kwa kuwa dirisha halina kioo aliibandika hapo kuzuia mvua. Jumapili kijana aliikuta, mwanga wa mchana unapita kati ya mbavu za mama yake mkubwa na watoto wanazihesabu kwa kidole. Aliitoa. Daktari ataihitaji mwezi wa sita, kulinganisha na ile nyingine.

"Kutakuwa ingine?" mama akauliza.

"Moja tu, mama mukubwa."

"Sawa," akasema, na kumtuma mtoto atafute katoni ya kuziba dirisha.